Vugo la Bi Afiya Ndani ya Kompyuta

Siku Amjad alipoipata ile harusi alikuwa juu ya ngazi katika hoteli moja ya Watamu, bisibisi mdomoni, AC ya watu iko wazi mbele yake. Simu ikatetema. Duka la muziki la mtandaoni analonunulia lilikuwa limemletea habari ya toleo jipya: harusi ya Waswahili wa pwani ya Kenya, iliyorekodiwa miaka ya sabini, sasa imesafishwa kutoka kwenye kanda yake ya asili na kutolewa kwa ubora wa juu kabisa. Waimbaji hawajulikani. Aligusa sampuli, ya nusu dakika tu, akasikia pembe za nyati zikigongwa kwa vijiti, na juu ya pembe, sauti ya mwanamke ikianzisha wimbo. Bisibisi ikamtoka mdomoni, ikatua kwenye bakuli la matunda la mgeni.

“Shangazi huyo,” akasema.

Kenga, mwenzake wa kazi kutoka Dabaso, aliyekuwa ameshika ngazi, akageuka kutazama mlango.

Mkusanyaji wa Napoli atakutolea santuri akupulizie vumbi usoni. Wa Kairo atakufungulia kabati la kaseti. Amjad hana cha kukushikisha. Mkusanyiko wake wote umo katika diski, kisanduku kinachoenea kiganjani: vinubi vya kora vya Mali, udi wa Baghdad, waimbaji wa Kihindi, hata opera, ambayo alionjeshwa na Mtaliano mmoja aliyemtengenezea friji. Kenga humcheka. Humwambia kwamba mchana anauza upepo na jioni ananunua upepo. Amjad hujibu kwa samaki. Wimbo unaotumiwa kwa simu, anasema, ni samaki aliyekatwa kichwa na mkia ili aenee mfukoni. Unamla, lakini hujui alikuwa na sura gani. Yeye hununua samaki mzima, macho na mapezi. Faili lake moja laweza kumeza nafasi ya nyimbo mia za watu wengine, na ukikaa katika chumba chake cha nyuma pale mtaani Shela, Malindi, kati ya kuta nene za mawe alizozitundikia mapazia mazito ya hoteli iliyobadilisha rangi, unamsikia mpiga udi akivuta pumzi kabla ya kugusa uzi.

Lakini katika mkusanyiko huo wote hapakuwa na Malindi. Nyimbo za nyumbani zilimfikia zikiwa nakala ya nakala, zimekwaruzika. Na kulikuwa na jambo lililomkera zaidi. Bi Afiya, dada wa baba yake, ndiye aliyekuwa akiongoza vugo, ile ngoma ya harusi ya wanawake na pembe zao, kuanzia Shela mpaka Mambrui. Aliacha kuimba kabla Amjad hajazaliwa. Watu wazima wakimtaja huinua macho, kisha humgeukia Amjad kwa huruma: wewe hukumsikia. Amemwomba tangu utotoni amwimbie japo ubeti mmoja. Jibu ni lile lile, kwamba sauti imekwenda na meno. Lakini sauti yake ya kusemea Amjad anaijua, na ndiyo aliyoitambua kwenye sampuli.

Basi akainunua. Mtandao wa nyumbani ulikuwa mnyonge kwa faili kubwa namna ile, kwa hiyo alipanda darini, akaweka simu juu ya tangi la maji ambako mawimbi hushika vizuri, akaifunika kwa kawa isiungue na jua. Wakati wa chakula mkewe aliitafuta kawa nyumba nzima, na nzi wakala wali. Adhuhuri ilipopita, harusi ilikuwa imeshuka yote.

Hakuisikiliza. Mtu hafungui kitu kama hicho peke yake. Aliwaalika Kenga na mafundi wengine wawili waje baada ya alasiri, akatayarisha kahawa na halua, kisha akamwendea shangazi yake. Shangazi alikuja na Nana, mpwa wake Amjad, aliyebakiza siku chache aolewe. Bi Afiya alikalishwa kwenye kiti cha katikati, akakagua mapazia, akauliza ni nani amefiwa.

Amjad akabonyeza kitufe cha kompyuta.

Chumba kikajaa njia. Ndala zikiburuta mchangani, punda upande wa kushoto, mtoto anakohoa, pembe zinakuja kutoka mbali. Mwanamke nyuma kabisa akalalamika kwamba anakanyagwa buibui. Bi Afiya alicheka mpaka akashika kifua: huyo ni marehemu Mwanaesha, alikuwa mnung'unikaji vile vile mpaka anazikwa. Kisha ile sauti ikapanda, nyembamba, kali, haina haraka, na wanawake wote wakaipokea. Kenga aliacha kutafuna.

“Ni wewe, Shangazi?” Amjad akauliza.

Bi Afiya aliinua kidole anyamaze. Njia ilikuwa inakwisha. Pembe zikatulia, ndala zikapanda kizingiti, mwangwi ukabadilika. Halafu, wazi kana kwamba ni pale pale chumbani, chuma kiliteleza juu ya mti.

“Zima,” akasema Bi Afiya.

Amjad alizima, lakini akasema ndiyo kwanza inaanza.

“Umelisikia hilo komeo?”

“Nimelisikia.”

“Basi tumeshaingia uani na mlango tumeufunga. Wewe na wanaume wenzako mwafanya nini humu ndani?”

Kenga alikuwa wa kwanza kusimama, na sahani ya halua mkononi. Amjad alijitetea. Harusi yenyewe ni ya miaka hamsini iliyopita, faili ni lake, amelinunua kwa halali. Bi Afiya alimsikiliza mpaka mwisho, kwa adabu.

“Aliyekuuzia alimwomba nani ruhusa? Mambo ya uani tunayoambiana huko si ya masikio yenu. Muonyeshe Nana pa kubonyeza, kisha utoke, mwanangu.”

Wakatoka. Wanawake wa majirani wakaitwa, wakapita mbele ya wanaume pale barazani wakicheka chini ya mitandio, na mlango ukafungwa. Amjad alibandika sikio ukutani. Hakupata kitu.

“Fundi hodari wewe,” Kenga akamwambia. “Umeziba sawasawa.”

Halafu kigelegele kikapenya, kikafuatwa na vingine, na mlio wa vijiko juu ya sinia, na sauti. Amjad alisimama. Spika zake alizijua, na spika zake hazikuwa na nguvu ya kutikisa ule mlango. Ya ndani ya faili ni ipi na ya walio hai ni ipi, hakuweza kutenga, yeye anayejua mpiga udi amevuta pumzi wapi.

Bi Afiya alipotoka alikuwa ametota jasho, amepwelewa na sauti, macho yanang'aa kama ya mwari. Alitoa hukumu akiwa wima. Sehemu ya njiani Amjad abaki nayo, kwani hata punda aliisikia. Ya uani ihamishiwe kwenye diski ya Nana, na kwake ifutwe. Amjad, ambaye hajapata kufuta faili maishani, alikwenda akafuta. Duka bado linaiuza. Anajua, na shangazi yake anajua kwamba anajua.

“Sasa mimi nitakusikia wapi?” akauliza.

“Pembe zangu ziko Mambrui kwa wakwe zetu, kazilete. Nana hatolewi kwa spika. Tutapita Alhamisi.”

Amjad alimtazama. Kisha akamuuliza kona gani ya njia ina mwangwi mzuri.

“Simama pale kwa msikiti mdogo,” Bi Afiya akasema. “Pale ndipo nilipokuwa nikiwamaliza watu.”

Kenga alikuwa ameshawasha pikipiki ya kwendea Mambrui.