Maziwa kwa Kijiko

Wauguzi wa wodi nzima tulimwita Mama Kimya, na si kwa sababu ya upole wake. Alikuwa mkali kama pilipili. Kazi yake ilikuwa kupima mwili wa mtoto unaunguza chakula kiasi gani ukiwa umetulia tu. Alimfunika mtoto kichwa kwa kifuniko cha plastiki angavu, akapima pumzi zake, na ole wako ukohoe. Daktari mkuu mwenyewe aliwahi kutimuliwa kwa sababu viatu vyake vinalia.

Siku hiyo alimaliza kumpima binti mmoja mdogo, mifupa na ngozi, kisha akamgeukia mama yake.

"Mtoto mdogo huunguza chakula upesi kutushinda sisi, ukilinganisha na uzito wake. Lakini huyu wako amekaa na njaa mpaka mwili umejibana, moto umeshuka. Ukimshindilia chakula sasa, moyo utashindwa. Ni maziwa kwa kijiko, kidogo kidogo, hata akilia. Umenielewa, mwanangu?"

Mama aliitikia kwa kichwa. Jicho lake moja lilikuwa limevimba, na wote tulijua ni mkono wa nani.

Mwenye mkono akaingia na bakuli kubwa la uji uliojaa mafuta. "Mnamnyima mwanangu chakula? Kijiko kijiko kama dawa?"

"Baba, weka hilo bakuli chini," alisema Mama Kimya, akifunga pazia la kitanda na kusimama mbele yake.

Yule bwana akampita, akamsukumia mkewe bakuli nyuma ya pazia. "Mlishe." Kisha akageuka na kumtandika Mama Kimya ngumi ya mdomo. Jino lilidondoka. Mama Kimya akanyakua ubao wa kupimia urefu, akamchapa nao mbavuni mpaka ukavunjika. Wakaangukia kile kifuniko, kikapasuka. Yule bwana akamkaba shingo, akawa anamgongesha kichwa kwenye chuma cha kitanda cha pili. Mimi nilimrukia mgongoni nikamng'ata sikio, na sioni haya kulisema. Nilimchukia, na bado namchukia. Walinzi walimburuta nje, damu ikichora sakafu.

"Leo amepata wa saizi yake," alisema Mama Kimya, akitema damu. Nilicheka.

Tukafungua pazia. Bakuli lilikuwa tupu. Mama alikuwa anamfuta mtoto kidevu, macho yake yakiwa mlangoni alikotolewa mumewe.

"Amemaliza wote," alisema. "Mwambieni amemaliza. Asinipige."

Mama Kimya hakumgombeza. Alikaa kitandani akaweka kiganja kifuani kwa mtoto, akaniambia nikimbie kumwita daktari. Sindano ziliingia, mirija iliingia. Alasiri mtoto alianza kuhema kwa shida, na kabla ya giza moyo ukasimama.

Tulipomfunika shuka, mama yake aliuliza kwa sauti ndogo kama baba ameshaambiwa kwamba uji uliisha.