Besi ya Kusikia kwa Nyayo

Juzi nilipita Mji wa Kale, mwenzangu, nikitokea upande wa Ngome ya Yesu, nikaikuta nyumba yetu ina duka la vinyago chini na sakafu ya saruji juu. Mwenyewe mpya akaniruhusu nipande. Nilisimama pale sebuleni nimechoka, wala si kwa ngazi, nimechoka tu kama ninavyochokeshwa siku hizi na kila kitu, nikaikumbuka sabufa ya mjomba.

Mjomba alikuwa fundi wa kushona, na sote tulikaa kwa bibi, aliyewazaa yeye na mama yangu. Ujana wake bibi alipiga ngoma kwenye harusi za mtaani, na wazee walikuwa hawajamsahau. Nilipopata akili mimi, masikio yake yalikuwa yamekwisha. Kwanza aliacha kwenda harusini, kisha akaacha kuja sebuleni, akawa analetewa chai na mahamri chumbani. Mama alikuwa akisema, huku akikanda unga, kwamba anaogopa bibi atatutoka angali hai.

Ndipo mjomba akanunua redio kubwa yenye sabufa, lile sanduku la besi, amrudishie mama yake ngoma. Lakini nyumba zetu unazijua: kitu cha thamani huwekwa juu, kionekane. Mama aliipandisha sabufa juu ya kabati la vyombo, kati ya birika na mrashi, akaifunika kitambaa alichokifuma mwenyewe. Bibi akaletwa, akakalishwa kwenye kiti chake cha dirishani. Mjomba akafungulia ngoma ya chakacha mpaka vikombe vikalia kabatini.

Bibi alingoja kwa adabu, mikono mapajani. Hatimaye akasema, "Basi washa, mwanangu. Wanikalisha bure."

Mjomba alizima redio, akageukia ukutani, nami nikajua analia.

Kesho yake alirudi na maarifa ya muuza redio mmoja wa Makupa. Aliiteremsha sabufa, akaiweka juu ya kiti cha bibi, akaiwasha. Kisha yeye, mtu mzima na kikoi chake na ndevu zake, akapiga magoti akatambaa sebule nzima, kichwa karibu na sakafu. Alikuwa ameambiwa kwamba pale atakaposikia besi nzito sanduku likiwa kitini, hapo ndipo aliweke, na besi itamfikia atakayekaa kitini. Tulicheka mpaka mama akalazimika kukaa. Alipita chini ya meza, akazunguka jamvi, akafika pembeni nyuma ya mlango, mama alipoweka gunia la mchele. Hapo akatulia, akatuashiria tunyamaze. Gunia likahamishwa, na sabufa ikaingia pembeni, chini kabisa, bila kitambaa.

Sakafu ile ilikuwa ya chokaa juu ya boriti, na ilijua kutetemeka. Bibi akakalishwa tena kitini, chakacha ikafunguliwa, naye akavua makubadhi. Nilikuwa nimekaa miguuni pake, nikaviona vidole vya miguu vikianza polepole, kisha kiganja kikapiga paja.

"Mpigaji huyu ana haraka," akasema. "Labda ana ndaa, hajala."

Mama alikimbilia jikoni, akakaa huko kitambo. Tangu siku ile, baada ya Alasiri bibi alikuja sebuleni mwenyewe, tukanywa kahawa na kaimati, mpaka karibu na adhana ya Magharibi. Kazi yangu ilikuwa kufagia vumbi la chokaa lililomwagika chumba cha chini, nami nilinung'unika kila siku. Jirani wa ng'ambo ya kichochoro wala hakulalamika. Alikuwa akifungua dirisha kuuliza leo bibi anataka ngoma gani.

Bibi hayuko tena, mjomba naye hayuko. Ile saruji niliigonga kwa kisigino, haikujibu kitu. Yule mwenyewe mpya aliniuliza kama natafuta kitu, nikamwambia la. Mjomba alikuwa ameinamia cherehani tangu asubuhi siku ile aliyotambaa, na mgongo ulikuwa ukimuuma. Hilo nimelifahamu juzi tu, nikishuka ngazi zile.

Mama sasa anakaa nami Ganjoni, na masikio yameanza kumwacha. Jana jioni nilitoka kazini sina nguvu hata ya kuvua viatu, nikampandishia sauti ya televisheni. Akanishukuru kwa adabu, na nilijua hakusikia kitu.