Siku Sita za Kukohoa Uzès

Nilikwenda Ufaransa kwa sababu mama yangu hawezi kupanda ndege. Magoti yake, anasema, yanatosha kumfikisha kanisani na kwenye mibuni yake, basi. Mdogo wangu Neema ameolewa huko na kijana wa Kifaransa, Luka, na wana binti wa miaka minne, Elina, ambaye Mama amemwona kwenye simu tu. Mwaka huu Mama alitaka Elina aletwe kwetu, kijijini Igamba, kwa Krismasi. Luka hakuwa na neno. Tatizo lilikuwa mama yake, Bibi Odile, anayemlea mtoto huyo wazazi wakiwa kazini. Wote walidhani atakataa, na hakuna aliyethubutu kumwuliza.

"Mtoto haombwi kwa simu," Mama aliniambia. "Nenda ukaongee na mkwe kwa adabu. Si wewe ndiye uliyesoma?"

Jumatano alfajiri niliondoka kwangu Mpemba, malori ya kwenda mpakani yakinipita upande wa pili wa barabara. Nikapanda ndege uwanja wa Songwe, nikabadilisha Dar, nikabadilisha tena mahali ambapo nilikuwa nimesinzia, nikashuka Paris na kilo tano za kahawa ya Mama kwenye begi. Kutoka Paris nikachukua treni ya kasi hadi Avignon, ambako Luka alinipokea kwa gari.

Alhamisi jioni tukaingia Uzès. Ni mji mdogo, wa mawe yenye rangi ya maziwa yaliyotiwa kahawa kidogo, na vichochoro ambamo kila ukikata kona unakutana na kona nyingine. Bibi Odile alikuwa mlangoni: mwanamke mwembamba wa miaka sabini na kitu, mgongo umenyooka kama mti wa bendera. Alinibusu mashavu yote mawili. Nilimwinamia kama ninavyomwinamia mkwe yeyote, tukagongana vichwa.

Sasa nieleze mpango wangu. Kwetu mgeni hafiki na shida yake mdomoni. Anakaribishwa, anakula, anauliza hali ya mazao na ya wazee. Kisha mwenyeji hujiweka sawa na kusema, "Enhe, habari za utokako?" Hapo ndipo unaposema. Basi nilikula, nikasifu jibini lililonuka kama soksi za mchezaji, nikasubiri. Bibi Odile aliponyamaza, nilikohoa kidogo kumkumbusha kuuliza. Akanimiminia maji.

"Kaka, huku mgeni haulizwi alichofuata," Neema alininong'oneza kwa Kinyiha, lugha ya kwetu. "Kuuliza ni kama kumfukuza. Sema tu."

"Mimi ndiye mkubwa," nikamjibu. "Niachie."

Ijumaa tulikwenda kwenye ngome ya watawala wa zamani, katikati ya mji. Ngazi za mnara wake zinazunguka kama konokono. Bibi Odile alitangulia, na kila nilipomfikia alikuwa ameshapumzika na yuko tayari kuendelea. Juu kabisa, mapaa mekundu yakiwa yametandazwa chini yetu kama mahindi yaliyoanikwa, niliona nafasi nzuri. Nikakohoa. Safari hii kikohozi kilikuwa cha kweli.

Jumamosi ilikuwa siku ya soko, kwenye uwanja uliozungukwa na matao. Niliwasalimu wauzaji mmoja mmoja, Neema akitafsiri, na habari za nyumbani nikawauliza, mpaka foleni ya zeituni ikaanza kuguna. Nikakohoa tena kwa Bibi Odile. Akanishika mkono, nikadhani muda umewadia. Akanipeleka duka la dawa, akaninunulia chupa ya dawa ya kifua. Neema alicheka mpaka akaegemea nguzo.

"Kunywa, kaka mkubwa," alisema. "Asubuhi na jioni."

Jumapili tulikwenda kuliona daraja la Warumi, safari fupi ya gari. Ni safu tatu za matao zilizopandana juu ya mto, zilizojengwa kupeleka maji mji wa Nîmes, na mawe yake mengi yamepangwa tu, bila chochote cha kuyashika. Nilisimama mdomo wazi. Nyumbani najua mifereji yenye saruji tele ambayo haikumaliza masika mawili. Bibi Odile alisimama pembeni yangu, amemshika Elina mkono. Nikagundua kwamba tangu asubuhi alikuwa hajauachia mkono ule, hata mtoto alipolalamika. Nilijiambia: huyu hatakubali. Jumatatu mvua ikanyesha, nikashinda ndani nikinywa dawa.

Jumanne asubuhi begi langu lilikuwa mlangoni.

"Ukiondoka hujasema," Neema alisema, "nitampigia Mama nimwambie ulikuja kuangalia minara."

Nikaingia jikoni, Neema nyuma yangu ili atafsiri. Bibi Odile alikuwa anakata mkate. Nikasema kama mtu anayetapika: mama yangu anaomba mjukuu aende Krismasi, wiki tatu, kisha arudi.

Aliweka kisu chini.

"Arudi?" aliuliza.

"Arudi, Bibi."

Akakaa. Neema alitafsiri: "Anasema siku sita hajalala vizuri. Mtu ametoka mbali vile, hasemi kilichomleta, anamtazama na kukohoa. Alijua umekuja kutuchukua mimi na mtoto moja kwa moja."

Nilitamani zile ngazi za konokono za ngomeni zinifunike. Adabu yangu yote niliyoisifia ilikuwa imemtia kikongwe hofu ndani ya nyumba yake mwenyewe. Nilimwomba radhi, bila kukohoa.

Akakichukua kisu tena. Kisha akauliza, "Atalala wapi?"

"Na bibi yake. Kitanda kimoja."

"Huyo bibi anakoroma?"

Ningeweza kudanganya. Nikasema, "Sana. Majirani wanajua."

Bibi Odile akacheka kwa mara ya kwanza tangu nifike. "Mimi pia," alisema. "Basi mtoto hatashtuka. Aende."

Ijumaa nilikuwa Igamba, nikimweleza Mama, nikiongeza somo nililotoka nalo: kwamba ukimya tunaouita heshima, mwenzako anaweza kuusikia kama tishio, na ni kazi ya mgeni kulijua hilo. Mama hakulisikia somo. Alikuwa bado kwenye lile neno la kukoroma.

"Umepanda ndege tatu kwenda kunitangaza Ulaya?"

Alininunia siku mbili. Siku ya tatu alimwita seremala, akamwagiza apanue kitanda.