Mawe ya Mlima Elgon

Nilikuwa nikifundisha gredi ya nne huko Saboti. Niliwaeleza watoto kwamba Mlima Elgon, ule wanaouona kila asubuhi, zamani ulitema moto. Kesho yake wakaniletea mawe meusi yenye matundu kutoka mashambani kwao, tukayapanga dirishani.

Jumatatu nikakuta dirisha tupu. Mwalimu mkuu alikuwa ameyatumbukiza kwenye shimo la choo.

"Mwalimu, hayo si ya mtihani. Unachafua darasa bure," aliniambia mbele ya watoto.

Nilimjibu kwa hasira, "Basi na mlima wenyewe uutupe chooni!"

Msichana aliyeleta jiwe kubwa zaidi akaanza kulia. Niliwatoa wote nje, tukaokota mengine mpaka kengele ya mchana.

Muhula uliofuata nilihamishiwa Bungoma. Hasira ile haijanitoka.