Mti Ulionyolewa Kipara

Kinyozi yule alikuwa mtu wa mikono isiyotulia. Asipokuwa na mteja alifuta vioo, akatia mashine mafuta, akafagia nywele alizokwisha kuzifagia. Basi mwalimu mstaafu, mteja wake wa miaka mingi, alipohamia kwa bintiye na kumwachia mti wake wa bonsai, mtini uliodumazwa chunguni kwa miaka ishirini, usiozidi kimo cha chupa ya chai, mti ule uliangukia pabaya.

Aliumwagilia asubuhi akifungua duka, akaumwagilia adhuhuri, na jioni kabla ya kufunga. Mwezi wa pili majani yakageuka manjano, yakapukutika juu ya vitana. Naye akaongeza maji.

"Unaumwagilia au unazima moto?" mkewe akamuuliza.

Vikabaki vijiti vitupu. Kinyozi akaanza kukwepa simu za mwalimu, na jambo hilo likamkosesha raha, maana hakuzoea kumficha mtu kitu. Mwishowe akaubeba mti hadi kwenye kitalu cha miche, kwa shemeji yake, mdogo wa mkewe.

Shemeji akakwaruza gome kwa ukucha. Chini yake palikuwa na ukijani mwembamba.

"Haujafa, shemeji. Umezama tu."

Akaung'oa chunguni. Mizizi ilikuwa myeusi, imelainika, inanuka. Kinyozi akachomoa mkasi wake, shemeji akamzuia mkono. "Huo wa vichwa vya watu? Uoshe kwanza kwa spiriti."

Wakakata kila kilichooza, wakaupanda upya kwenye kokoto ndogo zenye udongo kidogo, maji yapite bila kutuama.

"Sasa kazi yako ni kuuacha. Chomeka kidole. Pakiwa pakavu hadi pingili ya kwanza, ndipo uupe maji."

Kuuacha! Hapo ndipo alipotoka jasho. Alitia mikono mifukoni, akaikalia kama mwanafunzi aliyekanywa. Wateja nao hawakumwonea huruma: "Fundi, hata huyu umemnyoa kipara?" Akacheka nao, huku jicho likimtoroka kuelekea dirishani, alikouweka mti.

Wiki ya saba, akiwa katikati ya kidevu cha mtu, akaona nukta ya kijani kwenye shina, ndogo kama punje ya mtama. Akamwacha mteja na povu nusu ya uso, akampigia mwalimu simu na kumweleza yote, tangu maji hadi mizizi.

Mwalimu akacheka hadi akakohoa. "Mimi mwenyewe niliuozesha mara mbili, nikaona haya kukuambia."

"Basi nikurudishie?"

"Aliyeuuguza ni wewe. Kaa nao."

Tawi moja halikuamka. Alilikata, na mti ukabaki umelalia upande. Mkewe alisema umekaa kilevi. Kinyozi akajibu kwamba kwa yaliyoupata, hata yeye angelalia upande, kisha akauzungusha ili majani mapya yaelekee barabarani, wapita njia wayaone.