Mzee Mwenye Tope Jekundu Kule Likoni

Hili nililiona kwa macho yangu mwenyewe, tena mchana kweupe, jua la Mombasa likinichoma utosini. Kama unataka kucheka, cheka sasa umalize, halafu unisikilize. Mume wangu alikuwepo, na yeye ni fundi wa friji hapa Same, mtu ambaye hata akiumwa na nyoka atasema kwanza tuhakikishe kama ni nyoka.

Tulikwenda Mombasa kutembea tu. Tangu tuoane hatukuwahi kusafiri pasipo msiba au harusi, basi mwaka huu nikamwambia Baba Elia, tuvuke mpaka na sisi tukaone bahari ya wenzetu. Kabla ya safari tukapanda Myamba, kijijini kwao mlimani, kumuaga bibi yake, Bibi Nakijwa. Akatupa tangawizi, halafu akanishika mkono mimi, si mjukuu wake.

"Mwanangu, mume wangu alikwenda kutafuta kazi bandarini huko huko. Sijui yu hai au amekufa. Nimechoka kutokujua. Mkipata mtu wa kumuuliza, muulizeni."

Sasa nikueleze. Kule mlimani tuna ndiva, bwawa la udongo linalokusanya maji ya mashamba. Pembe ikilia alfajiri, huo ni msaragambo: kila nyumba inatoka na majembe, kila mtu na kipande chake cha kuchimba na kuziba. Babu alipoondoka, baba mkwe wangu alikuwa bado anabebwa mgongoni. Bibi akakataa kipande cha mumewe kisipewe mtu mwingine. Akachimba chake, akachimba na cha mumewe, mpaka mgongo ukapinda. Na matanga hakutaka hata kuyasikia. "Nimlilie mtu ambaye pengine anakula wali mahali?" Ndivyo alivyotujibu siku zote.

Haya, Mombasa. Tuliona Ngome, tukapotea kwenye vichochoro vya Mji wa Kale, nikala viazi karai mpaka nikajionea haya. Baba Elia anapiga picha kila kitu: mlango, paka, sahani yangu. Mchana tukakaa kwenye ukuta mfupi pale Likoni, tukitazama kivuko na meli zinazoingia bandarini.

Pembeni yetu alikuwa amekaa mzee. Suruali ameikunja, na miguu ina tope hadi magotini. Tope jekundu, bichi kabisa. Jamani, Likoni ile ya mchanga mweupe! Tope lile nalijua, ni la kwetu mlimani, nimelifua kwenye nguo tangu niolewe. Kalitoa wapi? Niamini, sikuogopa hata kidogo, nilikuwa nakufa kwa kutaka kujua.

"Shikamoo, babu," nikasema.

Kimya. Baba Elia naye akaamkia. Kimya. Nikadhani masikio yamechoka.

Mara meli kubwa ikapiga honi. Mzee akasimama wima. Akasema kwa Chasu, lugha yetu ya kule mlimani, kile Chasu cha wazee ambacho sisi tunakiokoteza: "Pembe hiyo. Nimechelewa."

"Babu, wewe ni mtu wa wapi?" Baba Elia akauliza.

Hakumjibu. Akanigeukia mimi. "Kipande changu anakichimba nani?"

Sijui nani alinifungua mdomo. Nikasema, "Bibi. Bibi Nakijwa."

"Mpaka leo?" Akajishika kichwa kwa mikono miwili. "Mwambieni aweke jembe chini. Nitamalizia mwenyewe."

Kivuko kikatema watu, wakapita katikati yetu na mabegi na baiskeli zao. Walipokwisha, mzee hayupo. Pale alipokuwa amekaa pamebaki tope, nikaligusa kwa kidole. Lilikuwa la baridi kama maji ya mlimani asubuhi. Nikamtazama fundi wangu. Siku nzima anapiga picha hadi paka, pale hakupiga hata moja. Simu anayo mkononi.

Njia nzima ya kurudi tulibishana. Yeye anasema tusimwambie, tutamuua Bibi kwa mshtuko. Mimi nasema Bibi mwenyewe ametutuma, tutamnyimaje? Tulipofika Myamba nikamweleza yote. Hakushtuka. Aliniuliza swali moja tu.

"Tope lilifika wapi?"

"Magotini, Bibi. Miguu yote miwili."

Akafumba macho. "Siku ile alitoka moja kwa moja msaragambo. Lori lilikuwa linamsubiri barabarani, hakunawa hata miguu. Kipande chake alikiacha nusu. Hilo sijamwambia mtu."

Pembe ilipolia tena, Bibi hakutoka. Alikaa jikoni, mikono mapajani. Tukaenda sisi, Baba Elia na jembe la bibi yake begani. Tulipofika kwenye kipande cha babu, kilikuwa kimeshachimbwa. Ule ufa wa juu ulioisumbua ndiva miaka yote umezibwa kwa udongo mbichi, umelainishwa kwa viganja vya mtu mkubwa. Tukauliza watu wote. Kila mmoja alikuwa kwenye kipande chake, hakuna aliyekigusa.

Mimi nikachuchumaa. Najua unaniona mwehu, lakini nikaweka mkono kwenye ule udongo nikasema polepole, "Shikamoo, babu."

"Marahaba."

Karibu kabisa, hapa sikioni. Baba Elia alikuwa juu ya ukingo, na akageuka akaniuliza ni nani aliyeitikia.

Tulimfuata Bibi, akaja akaupapasa ule udongo. Akalia, akalia hasa, machozi ya ujana wake wote. Kisha akasema, "Sasa tumlilie." Tukaweka matanga, watu wakaja hadi kutoka Kihurio. Bibi yupo mpaka leo, analala usingizi mzito, anakoroma. Mimi ndiye niliyebaki na kitu. Lori likipiga honi hapo barabara kuu ya Same, naangalia miguu ya kila mzee anayepita.

Na wewe unayesafiri, usije ukasema hukuambiwa. Ukimwamkia mzee ugenini asikuitikie, usimwite mwenye kiburi ukaenda zako. Mtazame miguu. Halafu muulize, kwa adabu, ni kazi gani aliyoiacha nyumbani, na nani anamfanyia.