Mimi na Viti Iko Kitu Moja

Dada yangu hakuelewa kwa nini mtu mmoja awe na akaunti mbili. Alisema hayo ni mambo ya wanaume wenye wake wawili. Alikuwa na biashara ya kukodisha viti vya plastiki na mahema hapa Juba, mtaa wa Buluk, kwa harusi, kwa ubatizo, na zaidi ya yote kwa matanga, ambayo watu wa hapa huyaita bika. Pesa za viti, za chakula, za kodi ya nyumba yetu kule New Site na za karo ya binti yake wa pekee, zote ziliingia katika akaunti moja yenye jina lake. Mimi nilikuwa mdogo wake na msaidizi wake. Jina langu halikuandikwa popote.

Jirani yetu wa duka, Msomali wa Garissa anayeuza sukari na mchele kwa jumla, alimsema mpaka akachoka.

"Dada, fungua ya biashara kando," alimwambia. "Leo ukianguka, hiyo pesa yote inafungwa na hawa watu wako watabaki wakiangaliana."

Dada alimjibu kwa Kiswahili chake cha Kampala, kile kilichokuwa kikinikera mimi niliyesoma Busia upande wa Kenya: "Mimi na viti iko kitu moja. Nani atatutenganisha?"

Nilicheka. Nilikuwa nacheka kila alichosema, maana yeye ndiye aliyenilisha.

Alifariki ghafla, siku ya kazi, kwa presha. Tulimsafirisha nyumbani Uganda kwa barabara ya Nimule. Gari lilisimama Nesitu, pale malori yanapopumzika, dereva akashuka kununua maji, na simu ya dada ikalia ndani ya mkoba wangu. Mteja alitaka viti hamsini kwa Jumamosi. Jeneza lilikuwa nyuma yangu, karibu kiasi kwamba ningenyoosha mkono ningeligusa. Nilisema viti vipo. Mteja akasema, "Asante, mama, nilijua hutaniangusha," na nilitambua kwamba alidhani anaongea na dada. Sauti zetu zilifanana sana. Sikumsahihisha.

Kwetu Buganda kuzika hakumalizi msiba. Msiba unaisha siku marehemu anapopata mrithi, na mrithi harithi mali tu, anarithi nafasi. Wiki sita baada ya mazishi ukoo ulikaa, wakanisimamisha mbele ya mlango, wakanivika nguo ya gome la mti, wakanipa kisu cha jikoni mkononi, wakanitangaza kuwa mimi ndiye yeye. Kisha wakamleta binti yake. Alikuwa na miaka kumi na sita, na hakuyawahi mazishi kwa sababu ya mitihani. Shangazi zake wakamwambia, "Usiseme huna mama. Mama yako huyu hapa." Msichana akapiga magoti, akanisalimu kama mama yake. Hakulia, na hakuuliza neno. Nikaona ni utulivu, nikamshukuru Mungu.

Niliporudi Juba nilifanya kosa ambalo Muganda peke yake angeweza kulifanya. Nilienda benki kana kwamba benki nayo ilihudhuria sherehe.

Karo ya muhula ilikuwa inadaiwa. Nilijaza fomu ya kutoa pesa kwa jina la dada, nikaweka saini yake, ambayo niliijua vizuri, nikaisukuma dirishani pamoja na kitambulisho chake. Karani alitazama picha, akanitazama mimi.

"Umepungua, mama," akasema.

"Nilikuwa na msiba."

"Malesh, pole. Nani?"

"Dada yangu."

Akatikisa kichwa kwa huruma, akanihesabia noti. Nilitoka nje kwenye jua kali la saa nne huku nikihisi baridi miguuni. Hata hivyo karo ililipwa, na nikajiambia kwamba ni mara moja tu.

Haikuwa mara moja. Ningefanyaje? Wateja wakubwa walilipia akaunti ile ile. Kodi ilitoka mle mle. Nikisema amekufa, wanafunga, na msichana anarudishwa nyumbani. Nikinyamaza, dada anaendelea kulipa. Basi nikanyamaza, na yeye akaendelea.

Wateja hawakunisumbua. Buluk nzima walimwita Mama ta karasi, mama wa viti, na jina hilo lilinihamia bila mtu kuliombea ruhusa. Mama mmoja alinijia akicheka: "Watu walisema ita, wewe, umekufa! Watu ya Juba mdomo mrefu." Nikacheka naye. Nikamwambia mimi iko, na maneno hayo yalipotoka nilishtuka, kwa sababu mimi huwa sisemi hivyo. Mimi husema nipo.

Simu yake niliiweka juu ya meza ya kazi, ikichajiwa na sola. Siku yake ya kuzaliwa benki ilimtumia ujumbe wa kumtakia maisha marefu. Mwisho wa mwaka walimshukuru kwa kuwa mteja hodari, na hawakudanganya: kwa hesabu yao, dada yangu alikuwa amefanya kazi zaidi baada ya kufa kuliko alipokuwa hai. Alikuwa ameongeza mahema mawili. Alikuwa hajachelewa kodi hata mwezi mmoja. Nilisoma taarifa ya akaunti kuanzia juu mpaka chini nikitafuta siku aliyofariki, nikaipita. Nikarudi. Siku hiyo kulikuwa na pesa zilizotolewa asubuhi, kama siku nyingine yoyote.

Kila muhula nilimtumia binti yake pesa za matumizi kwa laini ya Uganda ya mama yake. Sikufikiria kitu. Ile ndiyo laini iliyokuwa na pesa.

Mwaka wa pili goti langu la kushoto lilianza kuuma. Goti bovu lilikuwa la dada. Nikasema ni kubeba viti. Halafu nikashikwa na homa, nikaenda kliniki, muuguzi akaniuliza jina, umri, tarehe ya kuzaliwa. Nilijibu vyote haraka bila kufikiri. Alipima joto, akapima presha, akakunja uso, akaniandikia vidonge. Nilipofika nyumbani nikaweka pakiti mezani ndipo nilipotambua kwamba ni vidonge vile vile vya dada, nguvu ile ile, kimoja asubuhi kimoja jioni. Nikasoma kadi ya kliniki. Jina lilikuwa lake, na umri pia ulikuwa wake. Nilikuwa nimezeeka miaka saba katika foleni moja.

Niliogopa siku ile kuliko siku ya mazishi. Nilijiona nikianguka kwa presha, nikizikwa kwa jina lake, na mimi mwenyewe nisijulikane nilikwenda wapi. Na pesa? Benki ingeambiwa mteja wake amefariki, na kweli angekuwa amefariki, miaka miwili nyuma, na kila shilingi ya yule msichana ingeliwa na maswali. Nikakata kauli kwamba nitasema ukweli, liwalo na liwe.

Nilimpigia msichana kwanza. Alikuwa amemaliza shule, anangojea kuanza chuo cha uuguzi, na ada ya chuo ilikuwa mle mle. Nilimweleza kwa Kiganda, polepole, kwamba nataka kuifunga akaunti na laini pia.

"Ukiifunga," akasema, "nani atanitumia?"

"Si ni mimi ninayekutumia, mwanangu?"

"Najua ni wewe. Lakini huwa inaandika jina lake."

Alikuwa amezihifadhi jumbe zote. Umepokea kutoka kwa fulani, na fulani ni mama yake. Wenzake bwenini waliposoma, alisema mama yake yuko Juba na ana viti. Aliniomba niiache angalau mpaka amalize chuo. Aliniomba kwa adabu, akiniita mama, na mimi nililia upande wangu wa simu kwa sababu sikujua tunazungumza sisi wawili au watatu.

Hata hivyo nilienda. Ofisa aliyenipokea benki alikuwa kijana wa hapa aliyekulia Kakuma, Kiswahili chake cha Kenya kabisa. Nilipofika kwenye mambo ya saini, alinyoosha mkono akafunga mlango.

"Mathe, hiyo ya saini sijaisikia, na usiirudie kwa mtu mwingine," akasema. "Wewe umekuja kuripoti mteja amefariki. Sawa? Sasa niambie: hapa ndani, pesa gani ni ya viti, gani ilikuwa yake, na gani ni yako?"

Nilitazama karatasi zile. Kila mstari niliujua. Huu ni harusi ya jenerali mstaafu, huu ni unga, huu ni viatu vya msichana, na mstari wa mshahara wangu haupo, maana sikuwahi kujilipa. Nikamrudishia karatasi zake. Akaniambia kwamba kama kungekuwa na akaunti ya biashara pembeni, yenye majina yetu wawili, ningefika pale nikiwa mwenye duka. Bila hiyo nilikuwa mtu wa nje anayejua sana habari za marehemu.

Akaunti ilifungiwa, tukaenda mahakamani. Nilizungushwa miezi mitano. Mwishowe hakimu akasema kila kilichomo ni cha marehemu, na cha marehemu ni cha mtoto wake. Yaani jasho langu la miaka miwili lilihesabiwa kuwa la maiti. Nilikasirika, sitaficha. Nilikaa chini ya hema langu pale Buluk nikamtukana dada kwa sauti, nikamwambia wewe na viti vyako. Msomali alinisikia, akaniletea soda, wala hakusema nilikwambia. Viti vilikuwa bado vipo. Nilifungua akaunti ya biashara kwa jina langu, na mara ya kwanza kuijaza fomu niliharibu karatasi tatu, mkono ukitia saini ya dada.

Watu waliojiajiri wenzangu huniuliza siku hizi kama kweli kuna haja ya akaunti ya pili, maana benki zina makato na foleni. Wanataka niwaambie habari za kodi na mikopo. Mimi huwaambia wafungue, halafu hubadilisha mazungumzo.

Msichana alikuja Juba mwenyewe kwa ajili ya siku ya mwisho, kwa sababu sahihi ya mrithi wa kisheria ilitakiwa. Alikuwa amekuwa mrefu, ana kidevu cha mama yake. Ofisa alimpa kalamu, akasaini pale pale palipoonyeshwa, pesa zikahamishiwa kwenye akaunti yake ya Kampala. Tuliambiwa tusubiri uthibitisho. Tulikaa kwenye benchi ndani ya ukumbi, feni ikizunguka juu yetu, simu ya dada mapajani mwangu. Ikatetema. Nikampa asome yeye.

Ndugu mteja, akaunti yako imefungwa. Asante kwa kuwa nasi.

Aliusoma, akausoma tena. Kisha akaizima ile simu, akaniuliza, bila kunitazama, swali ambalo hakuuliza siku waliponivika gome, wala siku yoyote ya miaka ile miwili na nusu.

"Mama alikufaje?"

Nikamwambia. Asubuhi ile goti lilimzidi, akanituma mimi benki badala yake. Akanifundisha saini yake nyuma ya risiti, mara nne au tano, mpaka akaridhika. Ilikuwa mara yangu ya kwanza. Nilisimama dirishani hapa hapa nikaitwa kwa jina lake, nikaitika, na karatasi ikapigwa muhuri wa saa nne na nusu. Nilimkuta saa tano na robo. Alikuwa kwenye uwanja wa nyuma, kati ya viti alivyokuwa akivipanga. Alikuwa ameshapoa mikono. Daktari alikadiria saa nne na nusu, pengine kidogo baada ya hapo. Kwa hiyo aliyemwona wa mwisho akiwa hai, kwa maandishi, ni karani wa benki, na aliyekuwa dirishani nilikuwa mimi.

Alisikiliza yote mikono ikiwa katikati ya magoti. Mama mmoja wa hapa aliyekaa jirani yetu, ambaye hakuelewa neno la Kiganda, alisogea akamshika bega, akaacha mkono wake pale.

"Kutoka hapa mpaka Buluk ni dakika ngapi?" msichana akauliza.

"Kumi na tano. Kwa boda ni tano."

"Foleni ilikuwa ndefu?"

Ningeweza kusema ndiyo. Hakuna karatasi yoyote ambayo ingenikana.

"Haikuwa ndefu," nikamwambia. "Nilipotoka nilikaa pale ng'ambo, nikanywa chai."